Paneli ya sega hushindwa wapi? Jibu kwa timu inayosanifu setilaiti ya kilo 60

Swali: "Timu yetu ya chuo inasanifu setilaiti ya kilo 60 yenye umbo la sanduku, kila upande sentimita 50. Baadhi yetu wanataka mabamba ya alumini yaliyochongwa kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), wengine wanataka paneli za sega kama za setilaiti kubwa. Sega lina faida gani hasa, linatengenezwaje, na kwa nini kila tunayemuuliza anatuonya kuhusu bushi za skrubu? Je, tunaweza kutengeneza paneli hizo wenyewe?"

Jibu: Nianze na hilo onyo, kwa sababu wanaowaonya wamegusa penyewe. Paneli ya sega iliyotengenezwa vizuri ni nadra kuvunjika katikati. Huharibika pale mzigo unapoingia: kwenye bushi (kipande cha chuma chenye hesi kinachopandikizwa ndani ya paneli ili kishike skrubu), kwenye kona, kwenye mstari wa gundi. Timu nyingi hutumia wiki nzima kuchagua unene wa ngozi na aina ya sega, kisha hupanga bushi jioni moja. Gawanyeni muda wenu kinyume cha hapo.

Faida yenyewe ni kubwa, na ni vyema mwione kwa namba. Bamba linapopinda, upande mmoja huvutwa na wa pili hubanwa, na chuma kilichoko katikati ya unene hakifanyi kazi ya maana ila kuongeza uzito. Paneli ya sega huondoa chuma hicho. Hubaki ngozi mbili nyembamba, kati yake sega jepesi la kuzitenganisha, na gundi ya kuvishika vyote pamoja. Ukakamavu wa kupinda hukua kwa mraba wa umbali kati ya ngozi hizo.

Chukueni ngozi mbili za alumini za milimita 0.3 na sega la milimita 20 lenye msongamano wa kilo 50 kwa mita ya ujazo. Kwa kila mita ya mraba, ngozi zina kilo 1.67, sega kilo 1, gundi ya pande mbili kama kilo 0.3, jumla karibu kilo 3. Kilo hizo 3 zikiwa bamba moja zinatoa unene wa milimita 1.08 tu. Ukakamavu wa kupinda wa bamba hilo ni takriban 7.4 N·m, wa paneli ni takriban 4,300 N·m, yaani karibu mara 590. Bamba la kufikia ukakamavu huo lingehitaji unene wa milimita 9, sawa na kilo 25 kwa mita ya mraba. Hesabu hii haijatoa hasara ya sega lenyewe kuteleza kidogo ngozi zinapopinda, lakini kwa paneli ya sentimita 50 hasara hiyo ni asilimia chache.

Kinachowafanya wajenzi waung'ang'anie ukakamavu kuliko nguvu ni roketi. Mwongozo wa roketi huweka kiwango cha chini cha masafa asilia ya mtetemo wa setilaiti nzima; kwa setilaiti kubwa mara nyingi ni kama Hz 10 kwa mtikiso wa pembeni na Hz 25 kwa mhimili wa kwenda juu, na setilaiti ndogo zinazopanda kama abiria hudaiwa zaidi. Ukiwa chini ya kiwango, mitetemo ya roketi na ya setilaiti hukutana na kukuzana, na hapo hata sehemu iliyo imara kwenye karatasi huvunjika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko setilaiti. Hugo Junkers alipata hataza ya sega kwa ajili ya ndege mwaka 1915, lakini gundi ya kulishika kwa uhakika haikuwepo. Norman de Bruyne alipata hataza ya kugandisha sega kwenye ngozi mwaka 1938, na kampuni yake huko Duxford, Uingereza, ikatoa gundi ya Redux mwaka 1941. Ilipofika zamu ya chombo cha Apollo, chumba cha wanaanga kilijengwa kwa paneli za sega la alumini, na ganda la nje la kubeba kinga ya joto likawa sega la chuma cha pua. Tangu mwanzo, kilichouzuia na baadaye kuufungulia njia uvumbuzi huu ni gundi, na hadi leo gundi ndiyo inayoamua paneli itaishi au haitaishi.

Sega hutengenezwa hivi. Karatasi za aloi ya alumini, mara nyingi 5056 au 5052, zenye unene wa maikromita 18 hadi 25, hupakwa mistari ya gundi. Hupangwa juu ya nyingine kwa namna ambayo mistari ya karatasi moja huangukia katikati ya nafasi za ile ya chini yake. Rundo hubanwa kwa joto, hukatwa vipande vya unene unaotakiwa, kisha huvutwa pembeni na kufunguka kuwa vyumba vya pembe sita. Kwa sababu hiyo, kuta zilizopakwa gundi huwa za karatasi mbili na zilizobaki za karatasi moja, na sega halina tabia moja kwa pande zote. Sega la 5056 lenye vyumba vya milimita 4.8 na kilo 50 kwa mita ya ujazo lina ukakamavu wa kukata (wa kuzuia ngozi mbili zisiteleze kinyume) wa MPa 310 kwa mwelekeo wa utepe, yaani wa urefu wa karatasi, na MPa 138 tu kwa mwelekeo wa kukatiza. Wekeni mshale wa utepe kwenye kila mchoro na kwenye kipande chenyewe. Sega likigeuzwa nyuzi 90 kwa bahati mbaya, ngozi zikishafunika hakuna anayeliona tena.

Kuhusu ngozi, msikimbilie kuzipunguza. Ngozi nyembamba ikibanwa huingia ndani ya kila chumba na kufanya vibonyeo. Mkazo unaoanzisha vibonyeo hutegemea mraba wa uwiano kati ya unene wa ngozi na upana wa chumba. Kwa alumini ya milimita 0.3 juu ya vyumba vya milimita 4.8 ni kama MPa 600, hivyo chuma kitalegea kwanza na vibonyeo havitawasumbua. Shusheni ngozi hadi milimita 0.1 na mkazo huo unaporomoka hadi kama MPa 67. Mtakuwa mmeokoa kilo 1.1 kwa mita ya mraba na kupata paneli inayoharibiwa na kidole cha mtu anayeibeba.

Sasa gundi. Inayotumika kwenye paneli za namna hii ni gundi ya epoksi ya utando. Huja imeviringishwa kama kitambaa, gramu 150 hadi 300 kwa mita ya mraba, huhifadhiwa kwenye friza kwa nyuzijoto −18 hivi, na nyingi huiva kwa nyuzijoto 120. Ikitolewa kwenye friza, iachwe ipate joto la chumba ikiwa bado ndani ya mfuko wake uliofungwa. Ukiufungua mapema, unyevu wa hewa hugandamana juu ya gundi baridi, na maji hayo yakifika nyuzijoto 120 yanakuwa mvuke na kuacha mapovu kwenye mstari mzima. Andikeni pia saa ambazo gundi imekaa nje ya friza. Kila mtengenezaji hutoa kikomo.

Ngozi ya alumini huondolewa mafuta, huoshwa kwa dawa ya alkali, kisha husafishwa kwa asidi au kupitishwa kwenye umeme ndani ya asidi ya fosforiki, na hupakwa rangi ya awali ndani ya saa chache kabla oksidi dhaifu haijajijenga upya. Kipimo chake ni rahisi na hakidanganyi: mwagieni maji safi juu ya bamba kabla ya hiyo rangi. Yakitandaa kama utando usiokatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudini mwanzo. Glavu zibadilishwe mara kwa mara, na kitu chochote chenye silikoni kisiingie chumba hicho, hata mafuta ya mikono.

Gundi inapoyeyuka, lazima ipande kidogo kwenye ukuta wa kila chumba na kuacha ukingo mdogo kuuzunguka. Ukuta wa maikromita 25 hauna eneo la kugandia. Ukingo huo ndio unaobeba mzigo. Ndiyo maana shinikizo na kasi ya kupasha joto vina maana. Mfuko wa ombwe peke yake hutoa chini kidogo ya bar 1 na unatosha kwa paneli ndogo, ingawa ombwe kali mno huifanya gundi itoe povu. Otoklevu (oveni yenye shinikizo) hutoa bar 2 hadi 3, ila kingo za sega zizuiwe kwa fremu, la sivyo shinikizo la pembeni hulikunja. Ngozi za nyuzi za kaboni zikiivishwa moja kwa moja juu ya sega huchukua umbo la vyumba. Ziivisheni peke yake kwanza, kisha gundisheni. Na kaboni isigusane kamwe na alumini, kwani mbele ya unyevu alumini huliwa na kutu ya umeme. Tabaka la kitambaa cha kioo ndani ya gundi hutenganisha vitu hivyo viwili.

Jambo moja husahaulika na wanaotoka kwenye fani ya ndege: hewa iliyofungiwa. Sega la setilaiti hutobolewa vijitundu kwenye kila ukuta ili hewa itoke roketi inapopanda, maana shinikizo la nje huisha ndani ya dakika chache. Shinikizo la angahewa ni MPa 0.1 tu, na gundi nzuri hubeba mara nyingi ya hapo. Lakini pakiwa na eneo lililoachia lenye kipenyo cha milimita 100, hewa hiyo husukuma ngozi kwa nguvu ya karibu N 785, na ngozi huanza kubanduka kutoka ukingoni, chumba kwa chumba. Kwa hiyo mkifunga kingo za paneli, acheni njia ya hewa. Ushahidi mkubwa wa hatari ya gesi ndani ya sega ni tangi la haidrojeni la X-33, chombo cha majaribio cha NASA; tangi hilo lilikuwa la sega na ngozi za kaboni. Mwezi wa Novemba 1999, kwenye majaribio huko Marshall Space Flight Center, ngozi ya ndani ilipata nyufa ndogo kutokana na baridi na shinikizo, gesi ikapenya ndani ya sega, na tangi lilipopata joto baada ya jaribio shinikizo likapanda na kubandua ngozi. Programu yenyewe ilifutwa mwaka 2001.

Tufike kwenye bushi. Ngozi ya milimita 0.3 haiwezi kushika skrubu, na sega halina kitu cha kushikia hesi. Hivyo hutobolewa shimo, huwekwa bushi ya alumini au titani yenye hesi ndani, na nafasi inayoizunguka hujazwa resini. Mzigo wa kung'oa hutoka kwenye skrubu kwenda kwenye bushi, kwenda kwenye resini, kisha kwenye kuta nyembamba za sega zinazoizunguka resini hiyo. Hapo mwisho ndipo panapochanika.

Nguvu yake mnaweza kuikadiria kwa mzingo wa resini mara kina mara nguvu ya sega ya kukata. Resini ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 10, kina cha milimita 20, na sega lenye uwezo wa MPa 1 kwa mwelekeo wake dhaifu, mnapata kama N 1,250. Sasa chukueni kisanduku cha kilo 5 kilichoshikwa na bushi nne, kikitikiswa kwa g 40 (mara 40 ya mvutano wa dunia): N 1,960 kwa jumla, N 490 kwa kila bushi. Hiyo inakubalika. Lakini mtikiso huo huo ukija wa pembeni, na kitovu cha uzito kikiwa milimita 60 juu ya paneli na bushi zikiachana milimita 100, bushi mbili za upande mmoja huvutwa kwa karibu N 590 kila moja, na juu yake kuna mzigo wa kukata. Visanduku virefu vyenye nyayo finyu, yaani bushi zilizokaribiana, ndivyo vinavyong'oa bushi. Panueni nyayo kabla ya kuongeza idadi ya bushi.

Hatua za kuweka ni hizi. Shimo la milimita 14 hupita ngozi ya juu, bila mafuta wala maji ya kupozea. Kwa kifaa chenye ncha iliyopinda, kuta za sega chini ya ngozi hukatwa hadi nusu kipenyo cha milimita 10. Vumbi hufyonzwa, bushi huoshwa kwa asetoni baada ya kukwaruzwa kwa msasa, kisha huwekwa na kifuniko cha muda kinachokaa juu ya ngozi na kuishika usawa. Bushi ina vitundu viwili: sindano inaingiza resini nzito kwa kimoja, na unaendelea kusukuma mpaka itoke kwa kile kingine bila mapovu. Kwa paneli ya milimita 20, jazeni hadi ngozi ya chini. Bushi iliyojazwa nusu hubeba kidogo zaidi ya nusu ya mzigo na haina sababu ya kuwepo hapa. Wengi huchanganya resini na vitufe vidogo vya kioo vilivyo wazi ndani ili kuipunguzia uzito.

Pimeni uzito wa bomba la sindano kabla na baada ya kila bushi. Shimo lenu linahitaji kama sentimita 5 za ujazo. Kwa resini ya gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo, ni gramu 4. Mkitumia gramu 2.5, kuna pengo ndani. Mkitumia gramu 7, resini imekimbilia vyumba vya jirani kupitia vile vijitundu vya hewa. Mizani ya jikoni haitoshi. Tafuteni ya gramu 0.1 au chini.

Kuna kosa moja linaloua bushi nyingi kabla setilaiti haijafika kwenye meza ya mtetemo. Bushi ikiganda ikiwa imezama chini ya uso wa ngozi, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, kisanduku hukaa juu ya ngozi na skrubu huanza kuivuta bushi juu. Skrubu ya M4 iliyokazwa kwa N·m 2.5 huvuta kwa takriban N 3,100. Bushi yenu inabeba 1,250. Fundi hasikii kitu, skrubu inakaza vizuri tu, na sega limeshachanika chini. Bushi iwe sawa na uso au ichomoze kidogo sana, ili nguvu ya kukaza ibaki kati ya kisanduku na bushi yenyewe. Kagueni kwa rula ya chuma iliyonyooka na taa nyuma yake: mwanga ukipita juu ya bushi, imezama.

Hesabuni pia uzito wake. Bushi moja na resini yake ni kama gramu 8 hadi 10. Paneli yenu ya sentimita 50 kwa 50 ina gramu 750. Bushi 40 ni hadi gramu 400 zaidi, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa paneli yenyewe. Kila bushi idaiwe sababu ya kuwepo.

Kuhusu joto nitapita haraka kidogo. Alumini hurefuka maikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto, nyuzi za kaboni zilizopangwa vizuri karibu sifuri. Paneli ya alumini ya mita moja ikifungwa kwenye fremu ya kaboni na joto likabadilika nyuzi 100, tofauti ni milimita 2.3, na inayolipa ni bushi ya pembeni kabisa. Huko huwekwa vipande vya titani vinavyokubali kupinda. Hata ndani ya paneli moja, joto la W 300 kwa mita ya mraba likipita kwenye sega la milimita 20 huacha tofauti ya nyuzi 2.7 kati ya ngozi mbili, na paneli ya mita moja hubinuka kwa milimita 0.4. Kwa kisanduku cha betri si kitu. Kwa kamera ni tatizo kubwa, ndiyo maana kamera hupewa paneli yenye ngozi za kaboni. Gundi na resini zote zipitie kipimo cha kutoa gesi cha ASTM E595, saa 24 kwa nyuzijoto 125 ndani ya ombwe: upotevu wa uzito usizidi asilimia 1.0, na kinachogandamana kwenye kipozeo kisizidi asilimia 0.10. Kinachozidi hapo huishia kwenye lenzi yenu.

Kwa setilaiti yenu, ushauri wangu ni kuchanganya. Bamba la chini linaloshikana na roketi lichongwe kwa CNC, kwa sababu mizigo yote hupitia hapo na sega lingehitaji bushi nyingi mno. Kuta nne, bamba la juu na mabawa ya sola viwe vya sega. Paneli tupu nunueni zikiwa tayari zimegundishwa na kukaguliwa, maana usafishaji wa asidi na oveni yenye udhibiti ni kazi ya kiwanda. Bushi wekeni wenyewe, mkianza na vipande vya majaribio.

Vipande hivyo vitoke kwenye paneli ile ile na resini ya mchanganyiko ule ule. Ng'oeni angalau bushi 6 kwa mashine ya kuvuta, na kwenye usanifu tumieni namba ya chini kabisa mliyopata, si wastani. Angalieni ilivyovunjika: sega likichanika kuzunguka resini, kazi ni nzuri. Resini ikitoka safi kwenye bushi, usafi wa bushi ulikuwa mbaya, na namba hiyo haina thamani hata ikiwa kubwa.

Setilaiti ikishaunganishwa, pimeni masafa asilia kwa mtikiso mdogo, fanyeni jaribio kamili la mtetemo, kisha rudieni mtikiso ule mdogo. Masafa yakishuka kwa zaidi ya asilimia 5, kuna kitu kimelegea. Kabla ya kufungua chochote, gongeni kwa sarafu kuzunguka kila bushi. Sehemu iliyoshika hutoa mlio mkali, iliyoachia hutoa mlio mfu. Anzeni na bushi za visanduku virefu.